Tanuri la Kulala Miezi Mitatu

Kijiwe cha Radenitz kipo pale barabara ya kiwandani inapokutana na barabara ya makaburini, mbele ya kibanda cha Bibi Mrose, na mwenyewe husema hakupachagua kwa kubahatisha: wateja wake wote wanatoka upande mmoja na wanaishia upande wa pili, hapo katikati ndipo wanaposhikwa na kiu. Kuna benchi refu la mbao lililong'olewa stesheni mwaka treni zilipoacha kusimama, na meza ya plastiki ambayo mguu wake mmoja umefungwa waya. Kahawa imo kwenye themosi tangu saa kumi na mbili asubuhi. Ikifika mchana inakuwa na ladha ya huo waya. Hakuna anayelalamika, maana wanaokaa hapo wana malalamiko makubwa zaidi, ya kiwango cha bara zima. Alhamisi hiyo ya Februari walikuwapo wastaafu watatu wa kila siku, pamoja na Gerlinde Noack, ambaye hakai hapo kila siku kwa sababu yeye bado ana kazi. Angekuwa nayo mpaka kesho yake saa sita mchana.

— Utasoma umekaa au umesimama? Bibi Mrose alimuuliza, akimsukumia kikombe kupitia kidirishani.

— Kusoma nini?

— Hiyo karatasi. Umeishikilia mfukoni kama mtu wa jino bovu anavyoshikilia shavu.

Gerlinde akautoa mkono mfukoni. Karatasi ilikuwa moja tu, imekunjwa mara nne, imechapwa na watu wa makao makuu ambao hajawahi kuonana nao. Saa nane angesimama kwenye kantini ya kiwanda cha chupa, mbele ya wafanyakazi mia mbili na kumi na wawili, awasomee kwamba tanuri halifi, linalala tu. Miezi mitatu, mpaka bei ya gesi ishuke, kisha litawashwa na kila mtu atarudi mahali pake. Wenye kiwanda walikuwa na akili ya kutosha kujua kwamba wakisema hivyo wao wenyewe, hakuna atakayewaamini. Akisema Gerlinde, wataamini. Alikuwa msimamizi wa tanuri kwa miaka thelathini na moja, na hili la sasa lilikuwa limewaka miaka kumi na moja bila kuzimika hata dakika moja, Krismasi kwa mwaka mpya, tumboni likiwa na tani mia mbili na themanini za kioo kilichoyeyuka.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo karatasi haikulitaja. Karakana ya mabehewa katika mji wa jirani ilikuwa ikitafuta watu arobaini, na mwisho wa kujiandikisha ni Ijumaa jioni. Atakayeamini kwamba tanuri litaamka atabaki nyumbani kwa nusu mshahara, angoje. Asiyeamini atajaza fomu ya karakana. Fomu hizo zilikuwa zimo mikobani mwa watu tangu Jumatatu, hazijajazwa, zikimngoja Gerlinde afungue mdomo.

— Mwacheni anywe kahawa, alisema Bomba. Kwanza hilo tatizo lenyewe ni koki. Koki moja tu. Mtu kaifunga, mtu ataifungua.

Jina lake la kweli ni Ingolf Petrick. Alipokuwa na miaka ishirini na miwili, nchi yake ya wakati ule, ile ya Wajerumani wa mashariki, ambayo nayo haipo tena, ilimpeleka kwenye nyika za Ukraine kuchomelea bomba la gesi. Baada ya miaka miwili alirudi na koti la manyoya, kibali cha kununua gari bila kukaa foleni miaka kumi na miwili kama wenzake, na mada ya mazungumzo ya kutosha maisha yake yote.

— Koki imefungwa na vita, Ingolf, alisema Waziri. Watu wanauawa palepale ulipokuwa unachomelea.

— Unadhani sijui? Kulikuwa na mama mmoja kijijini akituletea maziwa kila asubuhi, hakutaka kopeki hata moja. Sijui kama nyumba yake bado ina paa. Mimi sisemi habari ya vita. Mimi nasema bomba. Mshono wangu ukiupiga picha ya eksirei leo, huoni tundu.

— Hakuna aliyesema mshono wako mbaya.

— Basi. Mshono mzima, na hakuna kinachopita.

Alisema hivyo akiangalia kikombe. Waziri ndiye aliyedakia, kwa sababu kimya cha watu wengine humkera. Jina lake ni Volkmar Lehnigk, na alifundisha jiografia miaka thelathini na nane. Nusu ya mji ilikariri miji mikuu ya dunia mbele ya fimbo yake ya kuonyeshea ramani, na tangu astaafu anaizungumzia miji hiyo kana kwamba ilikuwa chini yake.

— Wewe Bomba umekwama kwenye mabomba. Dunia sasa ni ya meli. Wanachukua gesi Amerika, wanaigandisha mpaka inakuwa maji, wanaipakia, inavuka bahari, inafika pwani yetu ya kaskazini, wanaipasha moto inakuwa gesi tena. Kila hatua kuna mtu kasimama anachukua chake.

— Hayo nimeyasoma kwenye gazeti la matangazo, kati ya godoro na mbwa aliyepotea, alisema Bibi Mrose. Tupe jipya.

— Ngoja basi. Meli inakuja imejaa. Inarudi na nini?

— Maji ya bahari, alisema Benki, mstaafu wa tatu. Ya kuituliza isipinduke.

— Hapo ndipo mnapochezewa. Niambie ni mfanyabiashara gani anakubali chombo chake kirudi kitupu. Meli inarudi na viwanda.

— Kiwanda ndani ya tangi la gesi?

— Kidogo kidogo, bwana. Leo kalibu za chupa, kesho mikanda, keshokutwa mhandisi na mkewe na paka wao. Wametuuzia moto kwa bei ambayo hatuwezi kuutumia, halafu wanatuambia, poleni sana, njooni kwetu, huku moto ni rahisi. Gesi ni chambo. Samaki ni sisi.

— Samaki gani huyo anayesafirishwa na mashine ya kufungashia, alisema Bibi Mrose.

— Cheka tu. Binti yake Bomba yuko kwenye ufungashaji. Muulize kama hakuona watu wakipima mashine kwa futi mwezi wa Novemba.

Bomba akainua kichwa.

— Aliwaona. Dörte aliniambia. Walikuwa wawili, wamevaa viatu vya ofisini, wanapima hata upana wa mlango.

Gerlinde aliwaona pia. Alijiambia siku ile kwamba wanapima kwa ajili ya bima. Ni ajabu jinsi mtu mzima mwenye cheti cha ufundi anavyoweza kujiletea maelezo ambayo angemcheka mtoto akiyasema.

— Mimi naomba tuache meli, alisema Benki.

Huyu, Burkhard Wencke, alikaa nyuma ya kidirisha cha benki ya akiba ya Radenitz miaka arobaini. Alipostaafu, tawi likafungwa ikawekwa mashine ya kutolea pesa. Mashine ikalipuliwa na wezi usiku wa Pasaka. Sasa pana ukuta uliopakwa rangi. Tangu hapo anazungumza kwa sauti ya chini, kama aliyefiwa.

— Nawaulizeni. Kiwanda ni cha nani?

— Cha mfuko wa uwekezaji wa Luksemburg, alisema Waziri. Kila mtu anajua.

— Na mfuko wa Luksemburg ni wa nani? Nimefuatilia, sina kazi nyingine. Ni wa mfuko mwingine, wa kisiwani. Wa kisiwani ni wa nani? Wa pensheni ya madaktari wa meno. Waholanzi.

— Madaktari wa meno, alirudia Bomba polepole, kama anaonja.

— Elfu tisa. Watu wema, wana watoto, wanaendesha baiskeli. Hawajui hata kama Radenitz ipo. Wanachotaka ni asilimia saba kwa mwaka. Zamani riba ilikuwa sifuri, mtu anakopa bure ananunua kiwanda. Benki kuu kule Frankfurt ikapandisha riba. Sasa daktari wa meno anaweza kupata asilimia nne akiwa amelala, kwa nini aweke hela yake ndani ya moto wa digrii elfu moja na mia tano?

— Basi auze.

— Kwa nani? Anayenunua naye anakopa kwa riba hiyohiyo. Na hilo silo baya zaidi. Hao hao madaktari, kupitia mfuko wa tatu, wana hisa kwenye meli za Waziri. Tukiwaka wanapata. Tukizimwa wanapata.

— Sasa kama wanapata kote kote, alisema Bibi Mrose, mbona wanatuzima?

Benki akafikiri.

— Kwa sababu kuzima kuna uhakika.

Bibi Mrose alitoka na themosi, akawaongezea bila kuulizwa. Gerlinde aliziba kikombe chake kwa kiganja. Saa ya kanisani ilionyesha saa saba na dakika kumi. Tangu wiki tatu zilizopita, siku ile alipotajiwa tarehe ya kuzima, alikuwa na tabia mpya: alihesabu dakika kabla ya kila kitu na akishafika hakumbuki alikuwa anahesabu za nini.

— Mnakosea wote, alisema Waziri, ambaye hakuwa tayari kushindwa na madaktari wa meno. Amerika na riba ni watoto. Nyuma ya yote yuko Mchina. Sisi tumeambiwa tuache makaa ya mawe, tununue vioo vya umeme wa jua. Vioo vya jua vinatoka wapi? Kwake. Vinayeyushwa kwa kitu gani? Kwa makaa ya mawe. Yaani tumezima makaa yetu ili tununue kioo kilichopikwa kwa makaa ya mwingine, na sasa kioo chetu wenyewe tunakizima kwa kukosa moto. Hebu niambieni, huo ni mpango au ni ajali?

— Ni ujinga, alisema Bomba.

— Ujinga hauwezi kupangika namna hiyo. Ni mpango. Anachotaka Mchina ni bara zima libaki makumbusho. Makanisa, majumba, benki ya Benki ikiwa imejengwa upya na ndani yake sanamu ya mtu ya nta. Watashuka kwenye mabasi, watakata tiketi, watapiga picha.

— Na sisi tutakuwa wapi?

— Hapahapa, alisema Bibi Mrose. Nitawawekea kamba na kibao cha kuwakataza watu wasiwaguse.

Walicheka, hata Gerlinde. Ni kicheko cha aina ile ambacho kikiisha kila mtu anaangalia upande wake. Upepo ulileta sauti ya kiwanda, muungurumo ambao mtu wa Radenitz hausikii kabisa mpaka awe mgeni au awe na homa. Gerlinde alikuwa akiusikia tangu wiki tatu zilizopita.

Bomba alimgeukia. Alikuwa ametayarisha swali lake kwa muda mrefu, ilionekana kwenye mabega.

— Linde. Tuache porojo. Dörte ana fomu ya karakana. Ameiweka juu ya jokofu, haigusi. Kule karakana ni zamu za usiku, mwendo wa saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi, na mtoto yuko darasa la pili. Anasema, baba, Bibi Noack akisema litaamka, nabaki. Nami nikamwambia, Linde hajawahi kuniongopea tangu tuko darasa moja.

— Niliwahi, alisema Gerlinde. Kuhusu baiskeli yako.

— Hiyo nilijua. Litaamka?

Wote wanne walimwangalia.

— Likilazwa vizuri, linaamka, alisema Gerlinde.

Ilikuwa kweli tupu. Hakuna fundi wa tanuri duniani ambaye angeipinga. Aliisikia ikitoka mdomoni mwake, laini, imepigwa msasa, na akaona Bomba akishusha mabega, Benki akitikisa kichwa kukubali, Waziri akijiandaa kurudi China. Hakuna aliyeuliza kulazwa vizuri ni kulazwaje. Kwa miaka thelathini na moja watu wa mji huu walikuwa wamezoea kwamba akisema Gerlinde, la ndani yake limeshashughulikiwa.

Lori lilisimama upande wa makaburi, kubwa, la kubeba kokoto, lenye namba za Poland. Dereva aliyeshuka alikuwa mtu wa makamo, kofia ya sufu, mikono mifupi kwa mwili wake. Alivuka barabara akaagiza kahawa na soseji kwa Kijerumani kilichonyooka kuliko cha Benki, kisha akasimama kando ya benchi kwa heshima ya mtu aliyekuta kikao.

— Samahanini. Nimetoka getini, mlinzi hajui kitu. Mnisaidie. Nani anaandikisha malori?

— Malori gani? aliuliza Waziri.

— Ya kubeba kioo. Naitwa Wawrzyniec Kubiak, natoka ng'ambo ya mto. Nimesikia tanuri linazimwa kesho. Mwaka juzi walizima moja kule kwetu, wakalimwaga kwanza. Nilipata kazi siku nne. Malori thelathini, usiku na mchana, mfereji wa maji, pampu zinanguruma, kioo kinatoka chekundu kinaingia majini kinapasuka kama mahindi. Hapa nimezunguka ua mzima sioni mfereji. Sioni pampu. Nikadhani labda mlango ni mwingine.

Wastaafu watatu walimgeukia Gerlinde, si kwa wasiwasi bado, ila kwa desturi, jinsi watu wanavyogeukia saa ya ukutani.

— Huyu ndiye msimamizi wa tanuri, alisema Bibi Mrose. Bibi Noack.

Dereva akavua kofia.

— Vizuri sana. Basi, Bibi Noack, mnaanza kumwaga saa ngapi?

— Hatumwagi, alisema Gerlinde.

— Mnalimwaga baadaye?

— Baadaye haiwezekani. Kioo kinamwagwa kikiwa cha moto. Mkataba wa gesi unaisha kesho saa sita. Saa kumi jioni juu kitakuwa kimeshaanza kuwa kizito kama asali ya baridi. Jumapili ni jiwe.

— Jiwe la tani ngapi? aliuliza Benki.

— Mia mbili na themanini.

— Na hilo jiwe linatokaje?

— Halitoki. Likipoa linajivuta, linashika matofali, linayapasua. Halafu unavunja kila kitu, jiwe na tanuri na sakafu.

Bomba alikuwa ameweka kikombe chini, taratibu mno.

— Umesema likilazwa vizuri.

— Nimesema.

— Kulazwa vizuri ndiko kumwaga?

— Kumwaga kwanza. Halafu kulipoza wiki moja, digrii kidogo kidogo, kwa moto mdogo. Hapo ndipo unaweza kuliwasha tena. Hapo ndipo unaweza kusema miezi mitatu.

— Labda wameshaagiza hizo pampu, alisema Waziri. Labda ziko njiani. Makao makuu wana mipango yao, wewe hawakuambii kila kitu.

— Pampu naagiza mimi, Volkmar.

Dereva aliangalia huku na huku. Hakuwa mtu mkorofi. Alikuwa amekuja kutafuta kazi ya siku nne na alitaka kuelewa kama ipo.

— Labda haziko mbali. Agiza sasa, zitakuja.

— Kampuni inayofanya hiyo kazi unaiita wiki moja kabla. Wanakuja na watu wao.

— Lini walikwambia mnazima?

— Wiki tatu zilizopita.

— Na wewe ndiye unayeagiza.

— Ndiyo.

— Walikukataza?

Gerlinde alifikiri kwa haki kabisa, maana alitaka sana kukumbuka kwamba walimkataza.

— Hapana.

— Kwa hiyo kwa nini hukuagiza?

Aliuliza kama mtu anavyouliza njia. Hapakuwa na lawama ndani yake, na ndiyo maana hapakuwa na pa kushika.

Gerlinde alifungua mdomo. Ilikuwapo barua. Ilisema tarehe, na chini ya tarehe ilisema maelekezo mengine yatafuata. Akayangoja. Asubuhi alifungua sanduku la barua, mchana alifungua kompyuta, jioni alijiambia kesho. Miaka thelathini na moja alikuwa ameagiza matofali, mchanga, vipuri vya vichoma moto, mara moja hata helikopta ya kuleta kipuri kutoka Italia, na hakuwahi kumngoja mtu. Safari hii alingoja. Aliwasikiliza wenzake wakingoja bei ishuke, mwenyekiti wa baraza la wafanyakazi akingoja mkurugenzi, mkurugenzi akingoja Luksemburg, Luksemburg labda ikingoja madaktari wa meno. Kungoja kulikuwa na joto lake. Kuagiza pampu kungekuwa kusema kwa sauti kwamba kesho ipo.

Hayo yote hayakuwa jibu. Aliyapanga kichwani mara mbili na kila mara yalianguka mahali palepale.

— Sijui, alisema.

Dereva akangoja kidogo, kama kuna zaidi. Kisha akamgeukia Bomba, halafu Waziri, halafu Benki, kwa sura ya mtu anayedhani labda wenyeji wanamfichia kitu. Bomba alikuwa anaangalia barabara. Waziri, ambaye kwa miaka miwili alikuwa na maelezo ya kila kilichofungwa kuanzia Lisbon hadi Tallinn, alikuwa anafuta miwani isiyokuwa na doa. Benki alifunga kifungo cha koti kilichokuwa kimeshafungwa.

— Basi hakuna kazi, alisema dereva, akavaa kofia yake. Aliichukua soseji kwenye karatasi, akashukuru, akavuka barabara. Lori lilipoondoka meza ya plastiki ilitetemeka.

Bomba alitoa simu. Vidole vyake vilikuwa vinene kwa vitufe vile na alikosea mara mbili.

— Nimwambie nini?

— Ajaze fomu, alisema Gerlinde. Aipeleke mwenyewe leo hii, asiitume kwa posta. Nafasi ni arobaini na sisi ni mia mbili na kumi na wawili.

— Kwa hiyo wengine?

Gerlinde aliitazama saa ya kanisani. Saa saba na dakika arobaini na tano. Kutoka kwenye benchi mpaka kantini ni dakika tisa, alizihesabu tayari. Aliitoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akaisoma mara ya mwisho akiwa amesimama. Ilikuwa imeandikwa vizuri. Neno kulala lilikuwamo mara tano. Kumwaga halikuwamo. Aliisoma mara nane tangu Jumatatu na hakuliona pengo hilo, yeye aliyekuwa akisikia kichoma moto kimoja kati ya kumi na vinne kikikohoa.

— Linde, alisema Bibi Mrose kutoka kidirishani, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hapakuwa na mzaha katika sauti yake. Si lazima useme kila kitu. Sema tu halitaamka. La pampu liache. Nani atajua?

— Watauliza.

— Hawatauliza. Huyu ameuliza kwa sababu si wa hapa.

Gerlinde alijua kwamba ni kweli, na kwamba hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Wangemsikiliza wamekaa wima, mikono juu ya meza. Wangelia wachache. Wangesema ni gesi, ni Wamarekani, ni riba, na wangekuja kumshika mkono, wangemwambia, Bibi Noack, wewe ulifanya uliloweza. Angeweza kuzeeka ndani ya maneno hayo kama watu wanavyozeeka ndani ya nyumba ya urithi.

Aliweka karatasi juu ya meza, chini ya kikombe ili upepo usiichukue.

— Husomi? aliuliza Benki.

— Nitasema bila kusoma. Tanuri linakufa kesho, wakimbilie karakana. Na kwamba kulikuwa na wiki tatu za kuliokoa, na wiki hizo zilikuwa mikononi mwangu.

— Watakuchukia, alisema Waziri.

— Natumaini.

Alifunga koti mpaka shingoni akashika barabara ya kiwandani. Nyuma yake Bomba alikuwa amempata Dörte kwenye simu na alikuwa akisema, hapana, sikiliza, hapana, mwanangu, nisikilize kwanza, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwa habari za nyika. Gerlinde hakugeuka. Mvuke mweupe ulikuwa ukipanda kutoka kwenye bomba la moshi, umenyooka, wa tanuri lenye afya.

Alikuwa amefika penye kona ya ua, mahali ambapo kijiwe bado kinasikika upepo ukikaa vizuri. Simu ya Bomba ilikuwa imekwisha. Kulikuwa na kimya, kirefu mpaka akaanza kudhani kwamba safari hii kitadumu. Halafu alisikia themosi ikifunguliwa, kijiko kikigonga kikombe, na Waziri akikohoa kusafisha koo.

— Lakini jamani, alisema Waziri, hebu tuulizane. Hizo pampu zenyewe, siku hizi zinatengenezwa wapi?